Majibu kwa Mkono wa Kushoto

Kwetu, mtoto hufundishwa kutoa na kupokea kabla hajajua kuhesabu. Unatoa kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto unashika kiwiko cha mwenzake, kidogo tu, kana kwamba kitu ni kizito, hata kama ni kijiko. Mimi mwenyewe niliwahi kumpiga vidole mtoto wa dada yangu kwa sababu alinipa chumvi kwa kushoto. Wakati ule nilikuwa bado na mikono miwili. Nasema hili mapema ili mtu asifikiri kwamba desturi hii siijui, au kwamba naidharau.

Mkono wa kulia uliliwa na mkanda wa mashine ya kusaga, kule kwetu Kavumu. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaifanyia kazi mashine ile, yeye upande wa injini, mimi upande wa kumwaga mahindi na mihogo. Watu huniuliza ilikuwaje, na nikiwaambia wanaona ni fupi mno. Nilikuwa nacheka na mteja. Kitambaa changu cha begani kikashikwa. Ndiyo yote. Hospitali walikata chini kidogo ya bega. Mume wangu hakuigusa tena mashine ile, ingawa mikono yake ilikuwa mizima yote miwili. Akaenda kupakia magari ya mizigo kwenye barabara ya Goma, na jioni alikuwa anarudi mgongo ukiwa mweupe kwa unga au kwa saruji.

Niliishia mwaka wa pili wa sekondari, na kuandika nilikuwa najua, lakini kwa mkono ambao sasa haukuwepo. Kuandika kwa mkono mmoja kuna tabu ambayo wenye miwili hawaijui. Tabu si herufi, ni karatasi. Karatasi inakimbia. Kila jioni mume wangu alikaa mbele yangu, akalishikilia daftari kwa vidole viwili, akatazama pembeni ili nisione haya. Hakuwahi kusema kwamba herufi zangu ni mbaya. Zilikuwa mbaya.

Siku moja, Jumapili, baada ya misa, lilisomwa tangazo la masomo ya kazi za ofisi kwa watu wenye ulemavu. Masomo ya miezi mitano, yote kwa simu. Mimi nilikuwa nje naongea na watu. Yeye aliingia kwa katekista akaandika jina langu bila kuniuliza.

"Umeniandikisha wapi?" nilimuuliza njiani.

"Ku masomo. Ya simu."

"Weye, mutu anajifunza kazi mu simu? Simu ni ya kuuliza batu kama bameamuka muzuri."

"Basi utabauliza kama bameamuka muzuri, na batakulipa."

Alicheka peke yake mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimeshazoea kukataliwa kimya kimya, na sasa naona ananipeleka kukataliwa kwa sauti.

Juma la tatu la masomo, Jumanne, mume wangu alisema kichwa kinamuuma. Ijumaa tulimzika. Juu ya siku zile tatu siandiki. Nimejaribu, na kila mara ninachoandika ni uongo.

Katika kilio nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, na simu ilikuwa chini ya kitenge changu. Ilikuwa inatetemeka kila asubuhi saa tatu, saa ya somo. Siku tatu niliiacha. Siku ya nne niliinuka, nikaenda nyuma ya jiko, nikaiweka sikioni. Somo lilikuwa juu ya namna ya kumpokea mtu aliyekuja na hasira. Shemeji yangu, dada wa marehemu, alinikuta pale.

"Simu? Kaka yangu hajamaliza juma moja mu udongo, na weye uko na simu ku sikio?"

"Ni masomo."

"Masomo gani ya mujane? Mukono haiko, bwana haiko, sasa unatafuta nini tena?"

"Kazi."

Aliwaita wengine. "Mukuje musikie! Anatafuta kazi!" Wakaja. Mmoja alicheka, kwenye kilio, halafu akajiziba mdomo. Mimi sikuitoa simu sikioni. Somo lilikuwa limebakiza dakika kumi, nikalisikiliza lote mbele yao, wamenizunguka.

Baadaye, watu waliponisifu, niliwaambia kwamba nilifanya vile kwa ajili yake, kwa kuwa ndiye aliyeniandikisha. Haikuwa kweli. Nilisikiliza kwa sababu sauti ya yule mwalimu ilikuwa sauti pekee, katika siku zile zote, ambayo haikuwa inaniambia pole.

Sikukaa sana Kavumu. Nilihamia Bukavu, mtaa wa Cimpunda, kwa dada yangu mkubwa anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia. Anayeijua Cimpunda anajua kwamba paa la nyumba moja ni kiwanja cha nyumba ya juu yake, na mvua ikinyesha, udongo wa jirani unakuja kukusalimia mlangoni. Mtandao ulikuwa haufiki ndani. Ulifika kwenye kibaraza cha jirani, upande wa choo, na hapo ndipo nilipojifunza kazi ya ofisi. Mega za mtandao zikiisha katikati ya somo, nilimwomba mwenzangu mmoja wa kundi anieleze kilichobaki. Alikuwa mwanamke asiyetembea, wa Luhwindja, na sikuwahi kumwona uso.

Mwalimu alikuwa katika mji mwingine. Somo la kwanza kabisa alituambia kwamba yeye haoni, simu ndiyo inayomsomea. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kuku. Hakuwa mpole. Mtu akianza kusema, "Hata kama mimi ni kilema," alimkata. "Sema 'mimi ni sekreteri'. Hayo mengine watayaona wenyewe, au utawaambia, lakini usiyatangulize kama msalaba wa maandamano." Lakini pia alituambia, na nililiandika katika daftari, lililoshikiliwa sasa na jiwe: "Usichowaambia watu, watakijaza wenyewe. Na hawajazi kwa huruma." Nililiandika vizuri, nikalisahau vizuri.

Kompyuta sikuwa nayo. Nilichora vitufe vyake vyote kwenye ubao wa katoni, nikawa napiga katoni kila siku, vidole vitano vikifanya kazi ya kumi. Dada yangu alipita na gunia la makala kichwani akaniuliza, "Imeandika nini leo, ile katoni?" Nikamjibu imeandika kwamba makala yake yana mawe. Mwezi wa nne parokia iliniazima kompyuta ya kweli, saa moja kwa siku. Mwalimu akanionyesha, kwa sauti tu, mahali ndani yake panapoiamuru ikubali vitufe kimoja kimoja, ili mtu wa mkono mmoja aweze kuandika herufi kubwa bila kushika viwili kwa pamoja. Siku hiyo niliandika jina la mume wangu, likaanza na herufi kubwa. Kisha nikalifuta, maana kompyuta ilikuwa ya parokia.

Nilifaulu. Nikapata nafasi ya majaribio, miezi mitatu, katika maabara moja ya watu binafsi upande wa Kadutu, mahali watu wanapopimwa damu, mkojo na mengineyo. Mkuu wake alikuwa daktari mwanamke, tunamwita Dokta tu. Alinipokea kwa maneno machache. Kazi yangu ilikuwa gishe, lile dirisha la mbele: kuandika mtu anapoingia, kumwita jina, kumkabidhi bahasha ya majibu. Baada ya miezi mitatu, kama kazi ingeenda vizuri, ningepewa kandarasi. Nilikuwa nimefika mahali ambapo, mbali na kandarasi ile, sikuwa na kitu kingine mbele yangu cha kutazama.

Sasa nieleze kosa langu.

Usiku wa kuamkia kazi sikupata amani, na asubuhi nilichukua sweta la dada yangu. Bukavu ni baridi, sweta halimshangazi mtu. Mkono wa kulia wa sweta niliujaza vitambaa, nikaukandamiza mpaka ukawa na unene wa mkono, na mwisho wake nikaushonea ndani ya mfuko wa koti la kazi. Nikawa kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni kwa sababu ya baridi.

"Sasa unaonekana muzima," alisema dada yangu, na alikuwa amefurahi kweli.

Wenzangu wa kazi walijua. Wagonjwa hawakujua. Majuma matano nilikaa gishe hivyo, nikitoa bahasha kwa kushoto, huku kulia kumelala mfukoni. Baadhi walizipokea wakiwa wamekunja uso. Nilijiambia kwamba ni wagonjwa, na mgonjwa huwa na uso wa kukunja.

Juma la sita, Ijumaa, alikuja mzee mmoja wa kijijini, kofia kichwani, koti limepigwa pasi, fimbo mkononi. Alikuwa ameacha damu asubuhi. Ilipofika saa sita niliita jina lake, akaja taratibu, nikamnyoshea bahasha.

Hakuipokea. Aliitazama, akanitazama mimi.

"Mutoto, unanipatia nini?"

"Rezilta yako, papa."

"Na mukono gani?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache tu, na nilikuwa nayo. Lakini benchi lote lilikuwa linasikiliza, na mimi niliona tu ule uzi niliokuwa nimeushona mwenyewe.

"Na ile ingine inafanya nini mu mufuko?" akauliza mzee. "Imelala?"

Watu wakacheka.

"Papa, pokea tu."

"Pokea tu! Na kushoto mutu anatupia imbwa, tena imbwa ya jirani! Rezilta yenye kutoka kushoto ni ya kifo. Baki nayo."

Akageuka, akaondoka na fimbo yake. Kwenye benchi mama mmoja akasema, "Ana haki." Mwingine akasema, "Njo bale bamesoma, ndiyo hao. Hata mukono banaona uvivu kutoa mu mufuko." Mgonjwa niliyemwita baada yake naye akakataa, na bahasha yake ikabidi itolewe na laborantini, yule anayepima damu, kijana wa makamo, mcheshi, anayeniita Madame Gishe. Siku hiyo hakuwa anacheka.

"Ule muzee iko wapi?"

"Ameenda."

"Bila rezilta? Sukari yake imepanda mupaka nimepima mara mbili! Nilifikiri mashini inanidanganya."

Jioni Dokta aliniita. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kuanzia Jumatatu utaingia arshive," alisema. "Si adhabu. Kule hakuna mutu wa kukuumiza."

Arshive ni chumba cha nyuma kisicho na dirisha, chenye faili za miaka yote. Kila mtu pale alijua maana yake. Arshive haina kandarasi. Faili zikishapangwa, wanakushukuru, unaenda nyumbani. Msichana aliyekuwa ameingia humo kabla yangu alishukuriwa vizuri sana.

Nilipanda Cimpunda nikasimama kwenye kile kibaraza cha jirani, nikamtumia mwalimu sauti. Masomo yalikuwa yamekwisha, lakini alikuwa ametuambia kwamba kupata kazi ni nusu tu, tumwite itakapoanza kuponyoka. Nilimweleza yote. Alinipigia saa ile ile, kuku nyuma yake.

"Nakuuliza kitu kimoja," alisema. "Watu wakikutazama wanaona nini?"

"Sweta."

"Na ndani ya sweta?"

"Vitambaa."

Alicheka, kicheko kifupi, bila furaha. "Basi yule mzee alitukanwa kweli, dada. Ameona mtu mwenye mikono miwili anampa kwa kushoto. Mimi ambaye sioni ningekasirika."

Kisha akaniuliza:

"Kazi ya gishe, uliiomba wewe, au walikupa kwa huruma?"

"Niliiomba."

"Basi iombe tena. Lakini safari hii nenda wewe, usitume vitambaa."

Nilimchukia mpaka chakula kilipoiva. Kisha nikachukua wembe, nikaanza kuufumua ule mshono. Dada yangu alikuwa anasonga bugali, akaacha mwiko.

"Unafanya nini? Unataka batu baone?"

"Ndiyo."

"Watoto batakukimbia."

"Wakimbie. Wanaokuja pale ni wakubwa."

"Umekuwa mukaidi tangu ulifiwa," alisema, akarudia mwiko wake. Alisema kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nina mtu wa kuwa mkaidi badala yangu.

Jumatatu nilishuka mapema, mkono wa sweta nimeukunja mpaka begani na kuufunga kwa pini. Dokta alipofika, alinikuta nimekaa gishe.

"Nilisema arshive."

"Ulisema, Dokta. Naomba siku tatu hapa. Ikishindikana, nitaingia arshive mwenyewe, hakuna wa kunisukuma."

Aliliangalia bega langu, mara ya kwanza waziwazi. "Na ule muzee?"

"Nitamuita. Namba yake iko ku fishi yenye niliandika akiingia."

Alifikiri. "Siku tatu. Lakini tutaweka kikapo hapa. Unatia bahasha ndani, bo benyewe banakamata. Hakuna mukono, hakuna maneno."

"Kikapo hapana, Dokta."

"Kwa sababu gani?"

Nilimpa sababu nzuri. Pale petu majina yanafanana, nusu ya wanawake wa Kadutu wamebatizwa jina moja. Majibu hutoka mkononi yakaingia mkononi baada ya mtu kutaja majina yake yote, na mtu mmoja akichota bahasha ya mwingine kikapuni, atakunywa dawa ya mwingine. Ilikuwa sababu ya kweli, lakini si hiyo iliyonisimamisha. Kikapu kile kingekuwa vitambaa vingine. Hilo sikumwambia, nalisema hapa.

"Siku tatu," akarudia, akaingia ofisini kwake bila kuagiza kikapu.

Wa kwanza niliyemwita alikuwa mama wa makamo. Alisimama mbele ya dirisha, nami nikasema kabla sijanyosha kitu: "Maman, nina mukono moja tu, huu. Njo unabeba heshima yote. Sema majina yako."

Akayasema. Akapokea. Halafu akafungua pochi, akatoa noti ya franka mia tano, akaitia kwenye kiganja changu kilichokuwa bado wazi.

"Pole, mwanangu."

"Maman, kamata feza yako. Niko ku kazi."

"Si ni ya kukusaidia?"

"Ukitaka kunisaidia, soma jina ku bahasha, uone kama ni yako."

Aliisoma. Ilikuwa yake. Aliondoka huku akitikisa kichwa, sijui kwa huruma au kwa kuchukia. Laborantini, ambaye alikuwa anasikiliza mlangoni, akasema, "Madame Gishe, ungekubali, tungekula mikate ya moto!"

Siku hiyo watu wawili walikataa. Niliwaambia mara moja tu, kisha nikangoja, mkono hewani. Mmoja alipokea. Mwingine alimwita mke wake aje kupokea. Kulikuwa na kijana mmoja wa mdomo mrefu aliyekuja kumchukulia baba yake majibu. Aliitazama ile pini begani, akasema kwa sauti ya kuwachekesha watu:

"Mukono moja, na banakulipa mushahara muzima?"

"Na weye uko na mudomo moja, na tunakusikia batu wote," nikamwambia. "Sema majina ya papa yako."

Benchi likacheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

Mchana nilipiga namba ya yule mzee. Alipokea binti yake. Alisema baba amelala, anakunywa maji kama ng'ombe, na hataki kusikia tena habari ya "kule kwa mutoto wa kushoto."

"Njo miye," nilisema.

Nikaongeza:

"Njo miye mutoto wa kushoto. Niko na mukono moja. Ile ingine alifikiri imelala mu mufuko, haikuwa mukono, ilikuwa vitambaa. Umuambie vile. Na umuambie laborantini alipima damu yake mara mbili."

"Mara mbili kwa nini?"

"Siruhusiwi kusema mu simu. Mukuje."

Jumanne hakuja. Nilikuwa natazama mlango kila unapofunguka, na nakiri kwamba sikuwa namhofia yeye peke yake. Nilikuwa na hofu mbili, ya sukari yake na ya arshive, na sijui ipi ilikuwa kubwa. Jumatano asubuhi nayo ikapita. Saa saba mlango ukafunguka, akaingia amemwegemea binti yake, bila koti, kofia iko pale pale.

Hakukaa. Alikuja moja kwa moja gishe akalitazama lile bega muda mrefu, kama anayesoma.

"Iko wapi?"

"Nini, papa?"

"Mukono."

"Kavumu. Mashini ya kusaga ilikamata."

"Na siku ile, mu mufuko?"

"Vitambaa. Nilificha. Naomba unisamehe juu ya kuficha, papa. Juu ya mukono siombi musamaha."

Binti yake alivuta pumzi. Mlango wa Dokta ulikuwa wazi nusu, na niliona kiatu chake.

"Weka pa meza," akasema mzee. "Nitakamata."

"Siweki, papa. Hapa inatoka ku mukono, inaingia ku mukono. Sema majina yako."

"Unanijua! Uliniita mu telefone!"

"Sema majina yako, papa."

"Papa, sema, jua linaenda," alisema binti.

Mzee akayataja majina yake, la ubatizo, la baba na la babu, kila moja kwa sauti ya mtu anayepigilia msumari. Nikanyosha bahasha. Ilikaa hewani. Niliona jasho kwenye paji la uso wake, na midomo iliyokauka, na nilitaka kuiachia ile bahasha mezani, sikatai. Nilitaka sana. Aliinyakua.

"Nimepokea kwa sababu ya ugonjwa," akasema. "Si kwa sababu yako."

"Ni sawa, papa. Umepokea. Mulango ya Dokta ni ule."

Akaenda. Alianza dawa siku hiyo hiyo, na tangu hapo huja kupimwa kila mwezi. Hanisalimii. Anataja majina yake kabla sijamwuliza, ananyakua, anaenda. Sijamwomba zaidi ya hapo.

Habari ya arshive haikutajwa tena. Miezi mitatu ilipotimia, Dokta aliniwekea karatasi mezani. Niliisoma polepole, kama mwalimu alivyotufundisha, mstari kwa mstari, aibu au hakuna aibu. Penye jina la kazi paliandikwa "sekreteri".

"Dokta, naomba uandike gishe."

"Si ni kitu kimoja?"

"Sekreteri anaweza kupelekwa arshive."

Alinitazama juu ya miwani. "Umeanza lini kunifundisha kuandika kandarasi?"

"Sikufundishi. Naomba."

Akachapa upya. Nikatia sahihi, na laborantini, bila kuambiwa, alinishikia karatasi kwa vidole viwili isikimbie. Ilibidi nimwambie aniachie nipumue kidogo. Yeye alifikiri ni furaha.

Mwaka sasa unaelekea kukatika. Shemeji yangu alituma neno kwamba mjane wa kweli angekuwa bado amekaa ndani. Nilimjibu kwamba kaka yake ndiye aliyeniandikisha, na hilo angalau ni kweli. Kila juma kuna anayekataa. Wengine ni wazee, wengine ni vijana wenye simu kubwa kuliko yangu, wanaodai kwamba hawaamini mambo ya kushoto lakini "tuseme tu, uweke pale." Asubuhi ya leo alikuwepo mwanamke aliyevaa vizuri, wa ofisi. Nilimwambia maneno yangu. Alitabasamu, akaonyesha meza kwa kidole. Nilimwambia pole, haiwezekani. Akatazama saa yake, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine wa kumhudumia. Hakuwepo. Bahasha ilikuwa nyepesi, lakini mkono mmoja ukikaa hewani unachoka haraka, bega linaanza kuwaka, na hakuna wa pili wa kuusaidia. Sikuushusha.